Siku ya Tatu Mpe Jembe
Mada juu ya mitaa ya wageni katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa



Wapendwa viongozi wa walei, makatekista, wajumbe wa kamati za Haki na Amani, nanyi nyote mlioacha kazi za mashambani ili tukae pamoja siku ya leo: mada tuliyopewa inahusu mitaa ya wageni. Waandaaji wametuomba tueleze jinsi mitaa hiyo ilivyozaliwa katika wilaya zetu mbili, ni watu gani wanaoishi humo, na haki inatudai nini kwa ajili yao. Baadhi ya mitaa hiyo tumeitembelea kwa miguu pamoja na baadhi yenu. Tumeketi vibarazani, tumeuliza na tumeulizwa. Tutasema tuliyoyaona, tutayapima kwa historia na kwa mafundisho ya Kanisa, kisha tutaweka mbele yenu kazi tatu.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi methali hii hutamkwa kwa ukali, kana kwamba lengo lake ni kumkemea mgeni mvivu. Lakini tuitazame vizuri. Anayempa mtu jembe hana budi pia kumwonyesha pa kulima, maana jembe lisilo na shamba ni mzigo tu begani. Kwa hiyo methali inamdai mgeni kazi, na papo hapo inamdai mwenyeji nafasi. Tena inauwekea ugeni mpaka: siku ya tatu ugeni unakwisha. Swali letu ni hili: mbona katika vijiji vyetu wako watu ambao siku yao ya tatu haijafika hata baada ya miaka 50?

1. NI NANI MWENYEJI?

Kabla ya kuingia katika mtaa wa mtu mwingine, yafaa tujiulize sisi wenyewe tumetoka wapi. Wamwera, ambao huitwa wenyeji wa nchi hii, wana masimulizi ya wazee yanayowaelekeza magharibi, upande wa Ziwa Nyasa. Wayao na Wamakua wengi walivuka mto Ruvuma katika karne ya 19, wakitoka katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Wamakonde wako pande zote mbili za mto, na walikuwako kabla Mzungu hajachora mpaka katika ramani yake.

Tuwaangalie na jirani zetu wa Masasi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, aliongoza kundi la watu waliotolewa utumwani, akitaka wafike karibu na nchi walikotekwa, upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wakaona maji na ardhi njema, wakakaa. Leo hakuna anayewauliza wajukuu wa watu hao siku waliyofika.

Hata sisi Wakatoliki tulianza kama wageni hapa. Wabenediktini walitoka Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19 wakajenga misheni za Lukuledi na Nyangao, na baadaye wakaja Wasalvatoriani kutoka Marekani. Jimbo letu lilipozaliwa mwaka 1963 liliitwa Jimbo la Nachingwea. Likapewa jina la Lindi mwaka 1986. Wamisionari hao hawakuleta ardhi kwenye mabegi yao. Ardhi ya misheni, tunayoiita leo ardhi ya parokia, ilikuwa ya watu waliokuwapo kabla yao.

Hatusemi haya ili kumnyima mtu yeyote heshima ya kuitwa mwenyeji. Tunasema ili tukumbuke kwamba uenyeji ni jambo linaloanza siku fulani, na kwamba kwa kila mmoja wetu yuko babu mmoja aliyefika hapa na mzigo kichwani, akapokewa.

2. MJI WA KARANGA

Mji wa Nachingwea kama tunavyoujua ni mtoto wa mpango uliokufa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia Uingereza ilipungukiwa mafuta ya kula. Mwaka 1947 serikali yake ikaanzisha hapa Tanganyika mpango mkubwa wa kulima karanga, katika maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Lengo lilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3. Kwa ajili hiyo bandari mpya ilianza kujengwa Mtwara, na reli ikatandikwa kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949.

Mpango huo uliita watu wa kila namna: madereva wa matrekta, mafundi, makarani, wapishi, vibarua wa kukata misitu. Kama ilivyokuwa desturi ya miji ya kikoloni, kila rangi ilikuwa na upande wake. Wazungu walikaa kwao, Wahindi wenye maduka kwao, na Waafrika, wawe wametoka kijiji cha jirani au mbali namna gani, wakawekwa penye makambi ya kazi. Mtu hakuchagua jirani yake, alichaguliwa.

Mtindo huo haukuwa wetu peke yetu. Waingereza waliutumia katika miji mingi waliyoitawala. Huko Singapore, katika Asia ya Kusini-Mashariki, Stamford Raffles aliagiza mwaka 1822 mji upangwe kwa makabila: Wachina mtaa wao, Wahindi mtaa wao, Waislamu wa Kimalay na Waarabu mtaa wao wa Kampong Glam, na Wazungu mtaa wao. Zaidi ya miaka 160 baadaye, mwaka 1989, serikali huru ya Singapore iliona hatari ya watu kuishi mbalimbali, ikaweka sheria kwamba katika majengo ya umma kila kabila liwe na kiwango chake, ili watu wachanganyike. Tunautaja mfano huu kwa sababu unatufundisha jambo moja: mtaa wa wageni haujitengi wenyewe. Mara nyingi kuna mtu aliyeutenga, na kuchanganya upya kunadai uamuzi.

Mpango wa karanga ulishindwa. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha, baada ya hasara ya zaidi ya pauni milioni 35. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Leo Nachingwea kuna kata inayoitwa Stesheni ambako hapasikiki filimbi ya treni. Mashine ziliondoka, reli iliondoka, wakubwa waliondoka. Watu waliobaki ni wale waliokuwa wamekwisha kupata jirani, mke, shamba na kaburi la mtoto. Wajukuu wao ndio baadhi yenu mnaotusikiliza.

3. WALIOVUKA RUVUMA

Tarehe 25 Juni 1962 chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam, na tarehe 25 Septemba 1964 vita vya ukombozi wa Msumbiji vikaanza. Raia wa Cabo Delgado na Niassa walikimbia kwa maelfu wakaingia kusini mwa Tanzania. Mkoani kwetu walipewa makazi Rutamba. Wengine hawakwenda kambini kabisa. Walipokewa na ndugu, au na watu waliosikilizana nao lugha. Nachingwea ikawa kituo kikuu cha mafunzo ya wapiganaji, na jina la Farm 17 likajulikana kwa wana wa Msumbiji kuliko kwa Watanzania wengi. Samora Machel aliondoka hapa Mei 1975 kwenda kusherehekea uhuru wa nchi yake, uliopatikana tarehe 25 Juni mwaka huo.

Wengi walirudi kwao. Wako waliobaki. Halafu vikaja vita vingine, vya serikali ya Msumbiji na RENAMO, vilivyomalizika kwa mapatano yaliyotiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, ambayo jumuiya ya Kikatoliki ya Mtakatifu Egidio ilikuwa mpatanishi wake. Vita hivyo navyo viliwavusha watu mto.

Katika mtaa mmoja tuliingia nyumba ya bibi aliyeletwa mgongoni mwa mama yake katika miaka ya 1960. Amezaa hapa, amezika hapa, ana mikorosho aliyoipanda kwa mkono wake. Mwanawe wa mwisho ameomba kitambulisho cha Taifa. Katika ofisi moja aliulizwa vyeti vya babu yake. Akarudi, akaenda tena na barua ya mwenyekiti wa kitongoji, akaulizwa tena. Safari ya tatu hakwenda, kwa kuwa nauli ilikuwa imekwisha.

Tuseme kwa haki. Serikali ina haki na wajibu wa kujua nani ni raia, hasa sasa. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado imekuwa na vita vya watu wenye silaha, na Oktoba 2020 waliingia hata kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, wakaua. Afisa anayeuliza maswali hatendi uovu. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 nayo inataja njia za kuwa raia: kwa kuzaliwa, kwa kurithi na kwa tajinisi. Lakini maswali yasiyo na mwisho ni jambo jingine. Kijana asiye na kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake. Hawezi kufungua akaunti, na fedha za korosho siku hizi hulipwa kwa kupitia benki. Basi huuza kwa jina la mtu mwingine na kumwachia sehemu, au huuza kwa wanunuzi wa kangomba kwa bei ya hasara. Angalieni, ndugu: jembe analo, shamba analo, mavuno anayo, lakini jina lake halimo katika kitabu, kwa hiyo jasho lake linaliwa na mwingine.

Jambo hili lina dawa, na tumeiona dawa hiyo ikifanya kazi. Nchini Kenya, katika kaunti ya Kwale, wako Wamakonde ambao wazee wao walikwenda kutoka Msumbiji na kusini mwa Tanzania kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Kwa miaka mingi walikaa bila vitambulisho. Oktoba 2016 walianza safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais. Rais Uhuru Kenyatta aliagiza wapewe vitambulisho, na mwaka uliofuata wakatangazwa rasmi kuwa kabila la 43 la nchi hiyo. Hapa kwetu, Tanzania iliwapa uraia zaidi ya Warundi 160,000 waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 na kuishi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Vyeti vilianza kutolewa kwa wingi mwaka 2014. Taifa lililoweza kufanya hivyo kwa maelfu haliwezi kushindwa na mjukuu wa bibi mmoja wa Nachingwea.

Hatuwezi pia kunyamaza juu ya wanaokimbia vita vya sasa. Baada ya mji wa Palma kushambuliwa Machi 2021, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia wakimbizi lilieleza masikitiko yake kwamba maelfu ya Wamsumbiji waliovuka kuja kwetu walirudishwa. Nchi iliyompa Samora kambi ina jina jema la kulinda. Tuliombee, na tuliseme kwa upole mbele ya wenye mamlaka.

4. NAMUNGO NA WATU WA MADUARA

Sasa twende Ruangwa. Ardhi ya wilaya hii ina madini ya kinywe, na huko Namungo ina dhahabu. Jina la Namungo lilisikika Afrika nzima pale timu ya mpira inayolibeba ilipofika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika, msimu wa 2020/21. Wachezaji wengi wa timu hiyo hawakuzaliwa Ruangwa. Lakini kijana wa mbali akifunga bao, jioni ile ile anaitwa mtoto wetu. Siku yake ya tatu hufika kabla ya filimbi ya mwisho.

Mchimbaji anayeshuka katika duara hapewi heshima hiyo. Yeye naye ametoka mbali. Wengi wametoka mikoa ya Kanda ya Ziwa, ambako walijifunza kazi. Wamejenga vibanda vya miti na maturubai. Pamoja nao wamekuja mama lishe, wauza nguo, wenye karasha za kusagia mawe, na wasichana ambao hakuna anayetaka kuuliza habari zao. Katika kitongoji cha namna hii tulikuta kanisa la mabua lenye Wakristo wa madhehebu manne, wakisali kwa zamu, na msikiti wa mabua hatua 20 kutoka hapo.

Tulisimuliwa huko habari ya kijana aliyefariki kwa homa. Wenzake walimjua kwa jina la utani la machimboni tu. Simu yake ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri, na hapana aliyeijua. Mwenyekiti wa kitongoji hakuwa na jina lake katika daftari. Wazee wa kijiji, Waislamu wengi wao, walitoa sanda na mahali pa kuzika. Katekista alisali kwa kuwa mtu mmoja alikumbuka kumwona na rozari. Alizikwa kwa heshima. Hata hivyo, mpaka siku tuliyofika, mama yake alikuwa hajapata habari, na kama yu hai, bado anasubiri simu.

Wazee wale walitenda haki kuliko walivyotakiwa, na walijua wapi pa kuitoa. Babu zetu walikuwa na utani. Wapagazi wa misafara, na makabila yaliyowahi kupigana, yaliwekeana utani ili mtu asife ugenini bila mtu wa kumchimbia kaburi. Mtani aliruhusiwa kutania hata matangani, kwa sababu mtani alikuwa na kazi matangani. Ule ulikuwa mfumo wa haki kwa wageni, uliotungwa na watu wasiojua kuandika, nao ulifanya kazi kutoka bara hadi pwani.

Haki hiyo ina upande wa pili. Wachimbaji nao wana deni. Mashimo yaliyoachwa wazi yanaua watoto na mbuzi. Zebaki inayotumiwa kukamatia dhahabu inaingia katika maji na katika mwili wa mama anayeishika kwa mikono mitupu, na madhara yake humfikia mtoto aliye tumboni. Jembe alilopewa mgeni si la kubomolea nyumba ya mwenyeji.

5. WENYE NG'OMBE

Mwaka 2006 serikali iliwaondoa wafugaji katika bonde la Ihefu, huko Mbarali, ili kulinda maji ya mto Ruaha Mkuu, na wengi wao wakaelekezwa mkoa wa Lindi. Walikuja Wasukuma, Wamang'ati na wengine, pamoja na makundi makubwa ya ng'ombe, katika nchi ambayo wakulima wake hawakuwa wamezoea kufuga. Hawakutoka kwa hiari, na sisi hatukuwaita kwa hiari. Pande zote mbili zilikabidhiwa jambo ambalo hazikulipanga.

Tangu hapo kila msimu una kesi zake. Ng'ombe huingia katika ufuta au mbaazi. Mkulima hupoteza kazi ya mwaka kwa usiku mmoja. Mwingine hukata ng'ombe kwa panga. Kisha lugha hubadilika: haisemwi tena kwamba fulani alilisha shamba la fulani, husemwa kwamba "wale" ndivyo walivyo. Hapo ndipo amani inapovunjika. Kosa lenye jina hulipwa fidia, na jambo likaisha. Kosa lililotupiwa kabila zima halina wa kulilipa, kwa hiyo haliishi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na inamwachia mtu asiye mkazi njia ya kuomba ardhi kwa utaratibu. Palipo na mpango wa matumizi bora ya ardhi, unaoonyesha shamba liko wapi, malisho wapi na njia ya mifugo ipite wapi, ugomvi hupungua. Pasipo na mpango huo, kila mtu huchora mpaka kwa panga. Tena mjihadhari na mwenyekiti anayepokea ng'ombe wawili usiku na asubuhi anapiga kelele mkutanoni kwamba wageni wamezidi. Huyo amekula kwa mgeni na kwa mwenyeji.

6. WATOTO WETU NI WAGENI WA WENGINE

Pengine mtu atasema: haya ni mambo ya wengine. Tumwulize watoto wake wako wapi. Wengi watajibu: Mbagala, Temeke, Mtoni. Kwa miaka mingi vijana wa Lindi na Mtwara wamekwenda Dar es Salaam, wakapanga vyumba katika mitaa ya kusini mwa jiji, ambako basi la kutoka nyumbani huingilia. Huko nako ni mitaa ya wageni, na wageni wake ni sisi.

Tena wametoka na jina letu. Wamachinga ni watu wa mkoa huu wa Lindi. Leo nchi nzima, kijana yeyote anayetembeza nguo au sahani barabarani huitwa mmachinga, hata kama amezaliwa Mwanza. Jina la watu wetu limekuwa jina la mtu anayeambiwa aondoe bidhaa zake njiani. Tunapohuzunika mtoto wetu anapofukuzwa na mzigo wake huko mjini, tujue kwamba kwa kipimo hicho hicho mama wa Geita anahuzunika kwa ajili ya mwanawe aliyeko Namungo.

7. KANISA LINATUFUNDISHA NINI?

Maandiko hayana shaka juu ya jambo hili. Sura ya 19 ya Walawi inaagiza kwamba mgeni akaaye kati ya watu wa Mungu ahesabiwe sawa na mzalia, na sababu inayotolewa ni kumbukumbu: ninyi wenyewe mlikuwa wageni Misri. Ruthu, mwanamke wa Moabu, alianza kwa kuokota masazo katika shamba la mwenyeji. Akaishia kuwa bibi wa ukoo wa Daudi. Boazi hakumpa chakula tu, alimpa nafasi katika shamba na jina katika ukoo. Mtoto Yesu alikuwa mkimbizi Misri kabla hajaweza kusema. Na katika sura ya 25 ya Mathayo, Hakimu anatuuliza habari za mgeni waziwazi.

Papa Yohane wa 23, katika waraka wake wa mwaka 1963 juu ya amani duniani, alihesabu haki ya kuhama na ya kuishi mahali pengine miongoni mwa haki za mwanadamu. Hayati Papa Fransisko, katika ujumbe wa Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi Duniani ya mwaka 2018, aliufupisha wajibu wetu kwa vitenzi vinne: kupokea, kulinda, kuendeleza na kushirikisha. Tukivitazama tutaona kwamba viwili vya kwanza ni vya siku mbili za mwanzo za mgeni, na viwili vya mwisho ni vya siku ya tatu. Wakristo wetu ni hodari wa kupokea. Watu wa kusini hawamnyimi mgeni uji. Tunakwama kwenye kushirikisha: kumpa nafasi katika kamati, sauti katika mkutano, jina katika daftari.

8. KAZI TATU

Ya kwanza ni kujua majina. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo iwe na daftari la watu wote wa eneo lake, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, watakaokubali kuandikwa: jina kamili, nyumbani ni wapi, nani apigiwe simu akiugua au akifa. Vitongoji vya wachimbaji vianzwe kwanza. Daftari hilo litunzwe na mtu mwaminifu, wala lisiwe kwa vyovyote chombo cha kuwachongea watu. Kalamu na daftari vinatosha, hatuhitaji mfadhili.

Ya pili ni kusindikiza. Mtu anayehangaikia cheti cha kuzaliwa au kitambulisho asiende peke yake. Kamati ya parokia ichague watu wawili wanaojua kusoma sheria na kuandika barua kwa adabu. Vitabu vya ubatizo vya parokia zetu vina majina, tarehe na wazazi. Kwa wengine hiyo ndiyo karatasi pekee ya zamani waliyo nayo. Paroko asichoke kuifungua na kunakili. Lakini tusiandike uongo hata mstari mmoja. Barua moja ya uongo itawafungia mlango watu 100 wa kweli.

Ya tatu ni kukaa baina ya mkulima na mfugaji kabla ya mavuno. Tusingoje panga. Mwanzoni mwa msimu, kamati iwaombe viongozi wa kijiji, imamu, wazee na wafugaji waketi mahali pamoja, waitembelee njia ya mifugo kwa miguu, wakubaliane juu ya fidia na juu ya watakaoitathmini. Mkataba uandikwe, usomwe hadharani, na nakala ibaki kwa kila upande. Mfugaji awemo katika kamati ya kijiji ya kusuluhisha, maana mtu asiyeketi barazani hafungwi na maneno ya baraza.

Wapendwa, hatuna nguvu ya kuzuia vita vya Cabo Delgado, wala ya kupunguza bei ya dhahabu inayowaita vijana mbali. Nguvu tuliyo nayo ni ya mtaa: kujua nani amehamia nyumba ya pili, na kuhakikisha kwamba siku yake ya tatu imefika.  

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika eneo la jumuiya yetu, ni nani bado anaitwa mgeni? Amekaa miaka mingapi?
2. Akifa leo usiku mtu aliyehamia mwezi uliopita, tutampigia nani simu?
3. Je, yuko mtu kati yetu anayeuza mazao kwa jina la mwingine? Sababu ni nini, na nani anaweza kumsindikiza?
4. Njia ya mifugo katika kijiji chetu inapita wapi? Ni nani walioamua, na wafugaji walikuwapo?
5. Watoto wetu walioko mijini wanapokewaje? Tungependa wenyeji wao wawatendee nini ambacho sisi hatujawatendea wageni wetu?